Canter 4D33 inaishiwa nguvu ikipanda Isyonje na mzigo, moshi hautoki. Fundi anataka kushusha pampu

Mama Lumbesa (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Naomba akili zenu kabla sijatoa hela.

Nina Canter ya zamani, injini 4D33, haina tabo (ile ya kuisukumia injini hewa). Inapandisha mbolea Kikondo na kushusha viazi Uyole. Dereva ni mtoto wa dada yangu, mtulivu, hajui resi za kijinga, kwa hiyo tusianze kumlaumu dereva. Na mimi mwenyewe hukaa mbele na mzigo wangu, haya nayaona kwa macho.

Asubuhi inawaka mara moja, hata baridi la Juni likiwa linakata vidole. Ikiwa tupu inakimbia vizuri, huwezi kuiambia kitu. Shida ni ikipakiwa. Tunaweka mifuko 80 ya kilo 50, hiyo ni tani nne na hakuna cha kukisia, mbolea haina lumbesa, ile ya kujaza gunia kupita kipimo. Inatoka Uyole vizuri, inapita Igawilo vizuri, inaanza mlima wa kuelekea Isyonje ikivuta gia ya tatu kama siku zote. Kipande fulani juu huko nguvu inaanza kuondoka. Siyo ghafla, inaondoka pole pole. Kijana anakanyaga mafuta mpaka chini, injini haijali. Anarudi gia ya pili, anarudi ya kwanza, mwisho tunatambaa, bodaboda aliyebeba mtungi wa gesi na mke wa mtu anatupita huku anatuangalia kwa huruma. Tukisimama pembeni kama dakika kumi inapata nguvu, tunapanda kipande kingine, halafu yale yale.

Moshi hautoki. Nimetoa kichwa dirishani mpaka shingo ikauma, nyuma hakuna moshi mweusi wala mweupe. Mshale wa joto uko palepale katikati. Oili haipungui kwa kutisha. Haigongi, haimisi. Inalegea tu.

Tumeshabadilisha filta ya dizeli mara mbili, ya pili nikanunua ile ya bei. Ea klina (chujio la hewa) imepulizwa. Sasa fundi wangu anasema pampu ya dizeli imechoka, ishushwe pamoja na nozeli zote nne zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, ziende Mwanjelwa zikapimwe, niandae laki nane, na kama plunja (vyuma vya ndani ya pampu vinavyosukuma dizeli) zimekwisha hela itaongezeka. Msimu wa kupanda ndio huu. Laki nane ninazo lakini zina kazi yake. Je, kweli ni pampu?

---

Kijana wa Ipogolo

Pampu hiyo mama, usizunguke. 4D33 ikifika umri huo plunja zinakuwa zimelika. Shusha pampu na nozeli, pima kwenye mashine, rudisha, utasahau. Ukibana laki nane leo, kesho utanunua injini.

---

Mama Lumbesa

Asante kaka. Ila swali moja la mtu asiyejua spana: plunja zikishalika, zinaponaje zikipumzika dakika kumi?

---

Mtu wa Kitonga

Shikamoo mama. Mimi siyo fundi, ni dereva, nipo kwenye Scania 113, Dar na Tunduma, mlima Kitonga naujua kona kwa kona. Kabla ya injini hebu uliza kama gari lenyewe linajishika.

Mkisimama pale mlimani, mwambie kijana asogeze kiganja karibu na kila ringi, asiguse. Kama kuna tairi moja ringi yake inatoa joto kuliko wenzake, viatu vya breki vimekaba kwenye ngoma, na injini inavuta mzigo pamoja na breki. Nimewahi kuona gari limepigwa ovahoo zima wakati ugonjwa ulikuwa springi ya kurudishia viatu.

La pili klachi. Nguvu ikiondoka, mlio wa injini unapanda au unashuka? Ukipanda huku gari linapungua mwendo, klachi inateleza. Ukishuka pamoja na gari, klachi haina kosa.

La tatu ekzosi breki. Canter nyingi zinayo, kipepeo ndani ya bomba la ekzosi. Kikikwama nusu, moshi haupati pa kutokea na injini inakabwa koo. Ila hapo ningetegemea uone moshi mweusi na joto lipande, sasa wewe unasema hakuna. Angalia tu.

---

Mama Lumbesa

Marahaba mwanangu. Kijana amekagua leo tulipokwama. Ringi zote joto moja, la kawaida. Mlio wa injini unashuka pamoja na gari. Kipepeo cha ekzosi breki kinafunga na kufunguka, kwanza ndicho kinachotuokoa tukishuka na viazi, na viazi ndiyo lumbesa kweli kweli, msiniulize kilo.

---

Dizeli Safi

Mafuta yamechakachuliwa hayo. Badilisha sheli. Wanachanganya na mafuta ya taa.

---

Mzee wa Mafinga

Kamwene. Nimesoma toka juu. Nimetengeneza magari ya mbao hapa Mafinga tangu Canter zikiwa mpya, macho sasa yananisumbua lakini masikio bado.

Nianze na Dizeli Safi. Ule mchezo wa mafuta ya taa ulikuwa na faida wakati bei yake ilikuwa chini sana ya dizeli. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mpaka karibu na dizeli, tangu hapo anayechanganya anajitafutia hasara. Na mafuta mabaya yangeisumbua gari tambarare pia, yasingengoja Isyonje.

Mama, swali lako la dakika kumi ndilo lenye jibu, limemshinda fundi wako tu. Lakini tumtendee haki kijana wa Ipogolo. Pampu yenye plunja zilizolika kweli hulegea ikipata moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inavujia pembeni. Tatizo lake ni hili: dakika kumi hazipoozi pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini ya moto. Na pampu ya namna hiyo ukiizima ya moto inasumbua kuwaka, unapiga stata mpaka betri inalia. Ya kwako ukizima pale mlimani inawaka vipi?

Sasa moshi. Injini ya dizeli inataka hewa, mafuta na pa kutolea. Hewa ikipungua, au pa kutolea pakizibwa, mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, unaona moshi mweusi. Mafuta yakipungua, hewa inabaki ya ziada, yanaungua yote na nyuma hapatoki moshi. Mwenye kukosa pumzi hukohoa, mwenye njaa hunyamaza. Injini yako imenyamaza.

Kwako kuna ushahidi mwingine ambao mtu wa Dar asingekuwa nao. Uyole mko juu, kiasi cha mita 1,750 hivi, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Mkipanda kwenda Kikondo unazidi kupungua. Injini isiyo na tabo haina namna ya kujiongezea hewa. Pampu yake lakini haijui kama imepanda mlima, inatoa mafuta kwa kipimo kile kile. Kwa hiyo Canter nzima, na mzigo wa tani nne, pedeli chini, kwenye mlima huo, LAZIMA itoe moshi mweusi kidogo. Ya kwako haitoi hata kidogo. Maana yake ule mgao kamili wa mafuta haufiki kwenye silinda. Ungeniambia inatoa moshi mweusi ningekupeleka kwingine kabisa.

Na kwa nini inapona? Tambarare na gari tupu injini inakula mafuta kidogo, njia hata ikiwa nyembamba inatosha. Mlimani inakula mengi, mfululizo. Njia inazidiwa, mafuta yanayofika kwenye pampu kubwa yanapungua, nguvu inashuka pole pole kama ulivyoeleza. Mkisimama, ule mvuto unalegea na mafuta yanajaa tena. Plunja haziwezi kufanya hivyo.

Filta uliyobadilisha mara mbili iko upande wa kusukumwa. Kwenye injini yako kuna pampu ndogo ubavuni mwa pampu kubwa, ile yenye kitufe cha kupampu kwa mkono. Hiyo inavuta mafuta toka tangini na kuyasukuma kwenye filta. Kila kilicho kati ya tangi na hiyo pampu ndogo hakijaguswa na mtu bado. Hela yako ibaki mfukoni mpaka huko pakaguliwe.

Fanyeni hivi. Injini ikiwa imezimwa, mmoja akanyage pedeli mpaka chini, mwingine aangalie mkono wa pampu kama unafika kwenye skrubu ya kikomo. Kebo ikilegea au zulia likikaa chini ya pedeli unapoteza robo ya mafuta bila kujua. Halafu siku mkikwama, kabla ya kufanya lolote, fungueni mfuniko wa tangi. Ukisikia linavuta upepo kwa kishindo, tundu la kupumulia limeziba. Halafu fungueni bolti yenye tundu panapoingilia mafuta kwenye pampu ndogo, ndani yake pana kachujio ka waya. Mafundi vijana wengi hawajui kama kapo. Kasafisheni kwa dizeli.

Kama bado, pimeni kwa dumu. Dumu safi la lita 20, lijazwe dizeli iliyochujwa, lifungwe imara nyuma ya kabini mbali na ekzosi, mfuniko usikazwe. Mpira mpya toka kwenye dumu mpaka pampu ndogo, na mpira wa kurudishia mafuta nao uingie humo humo, usipofanya hivyo dumu litaishia tangini. Toeni upepo kwa kupampu kwa mkono, pakieni mzigo ule ule, pandeni mlima ule ule. Ikipanda, pampu kubwa ni nzima na ugonjwa uko nyuma, upande wa tangi. Ikikataa, nitakuwa wa kwanza kukuambia peleka Mwanjelwa.

---

Kijana wa Ipogolo

Mzee hapo kwenye dakika kumi nimekuelewa. Ila nozeli bado zipimwe tu, gari la umri huo.

---

Mzee wa Mafinga

Zipimwe siku zikileta dalili. Nozeli mbovu inamisi, inagonga, inatoa moshi. Mama amesema haifanyi hayo.

---

Mama Lumbesa

Shikamoo baba. Inawaka papo hapo hata ikiwa ya moto, haijawahi kunisumbua stata.

Leo tumefanya. Mkono wa pampu unafika mwisho. Mfuniko wa tangi haukuvuta chochote. Kachujio ka waya fundi alibisha kwamba hakapo, nikamsomea simu, akafungua, kapo. Kalikuwa na uchafu mweusi kidogo, kakasafishwa.

Tukapakia. Haikusaidia, tumekwama pale pale, wanakijiji wameshatuzoea, kuna mama mmoja sasa ananiuzia mahindi ya kuchoma kwa mkopo.

Kesho dumu.

---

Mama Lumbesa

Wakuu. Imepanda.

Dumu limefungwa kwa kamba za katani nyuma ya kabini, kijana anaendesha, utingo amekaa analilinda kama mtoto. Mifuko 80 ile ile. Tumepita pale tunapokwamaga nikamwambia kijana usisimame hata mama wa mahindi akikuita. Gia ya tatu, kwenye kona ile kali akarudi gia ya pili, halafu ikachukua tena ya tatu. Tumefika Isyonje bila kupumzika tukakunja kwenda Kikondo. Na baba, moshi mweusi umetoka! Mwembamba, kule juu, pedeli ikiwa chini. Sijawahi kufurahia moshi maishani mwangu.

Sasa linalotusumbua. Fundi ametoa neli ya ndani ya tangi, ni safi. Tangi lina tope kidogo chini, limeoshwa. Akachukua kompresa akapuliza njia nzima kuanzia kwenye injini kwenda tangini, upepo unatoka huko tangini kwa nguvu. Anasema njia iko wazi, hakuna kilichoziba, labda dumu lilisaidia kwa sababu liko juu mafuta yanashuka yenyewe.

---

Mtu wa Kitonga

Hapo kwa dumu kuwa juu fundi ana hoja kidogo. Pampu ndogo iliyochoka inaweza kusaidiwa na dumu lililo juu yake.

---

Mzee wa Mafinga

Ana hoja, na inapimika. Fungueni bomba la kutokea pampu ndogo, pampuni kwa mkono huku njia ikiwa imeunganishwa na tangi. Halafu rudieni ikivuta kwenye dumu lililowekwa chini, usawa wa tangi. Kama kwenye dumu la chini inatoa mafuta mengi na kwenye tangi inatoa kidogo, pampu ndogo ni nzima.

Halafu, fundi alipuliza. Je, alivuta? Njia hii kazi yake ni kuvutwa. Mpira ukichakaa, tabaka la ndani linaachia. Ukipuliza unalibana ukutani, njia inaonekana wazi kabisa. Pampu ikivuta, lile tabaka linakunjamana na kuziba, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo linavyozidi kuziba. Nje mpira unang'aa, hauna kasoro. Mama, kuna mpira wowote kati ya tangi na injini uliowahi kubadilishwa?

---

Mama Lumbesa

Upo. Mwaka jana mpira ulipasuka tukiwa Inyala, jua linazama, kijana mmoja pale barabarani akatuwekea mwingine. Ni mweusi, mnene, mzuri tu kwa kuutazama.

---

Mzee wa Mafinga

Una maandishi yoyote? Mpira wa maji haustahimili dizeli, unavimba kwa ndani na kulainika. Utoeni, mkate kwa urefu na wembe.

---

Mama Lumbesa

Baba, ndaga fijo, asante sana.

Tumeukata mbele ya fundi. Nje hauna maandishi hata moja. Ndani umevimba, na karibu na klipu ya upande wa injini ngozi ya ndani imebanduka kipande cha kidole kizima, inacheza. Kijana akaweka mdomo (nimemwambia asimeze) akavuta, ikajifunga kabisa. Akapuliza, ikafunguka. Fundi akanyamaza, akauomba ule mpira akautundike gerejini. Nimempa.

Na ule mtihani wa dumu la chini tulifanya kwanza, dumu lilitoa mafuta ya kutosha, tangi lilitoa ya kuombaomba.

Mpira mpya wa dizeli na klipu mbili, elfu kumi na tano pamoja na ufundi. Jana tumepanda na mbolea kwa tangi lake, haikusimama. Mama wa mahindi nimepita nikamlipa deni.

Jambo moja limebaki. Fundi anasema kwa kuwa sasa mafuta yanafika, azungushe skrubu ya kwenye pampu aongeze kidogo nguvu, kwani huko juu bado ni nzito kuliko huku chini. Nimkubalie?

---

Mzee wa Mafinga

Hapana. Skrubu hiyo ina sili, ibaki na sili. Huko juu kinachopungua ni hewa, ukiongeza mafuta unaongeza moshi na joto la ekzosi, nguvu haiongezeki. Ukifanya hivyo na tani nne kila safari, pistoni zitakujibu. Uzito ule wa juu ni wa mlima, kila Canter isiyo na tabo inao. Badilisha ea klina badala ya kuipuliza kila siku, hapo utapata kidogo unachokitafuta.

Na hizo lumbesa za kushuka nazo. Breki zile zimetengenezwa kwa mzigo wa kwenye kitabu. Shuka kwa gia ile ile unayopandia, ekzosi breki ifanye kazi, mguu upumzike.

---

Kijana wa Ipogolo

Mzee nimehifadhi huu uzi. Na mimi nina mteja, Fuso ya 6D16, inakosa nguvu ila yenyewe moshi mweusi mpaka wa nyuma wanawasha taa mchana. Nipimie dumu nayo?

---

Mzee wa Mafinga

Hiyo dumu halihusiki, mafuta inayo tele. Toa ea klina, uwashe bila hiyo dakika chache gari likiwa limesimama, moshi ukipungua umeshapata pa kuanzia. Usipopungua, angalia kipepeo cha ekzosi breki, halafu kama ina tabo kagua mipira ya kwenda kwenye inteki (njia ya kuingizia hewa) imeachia wapi. Nozeli ziwe za mwisho. Fungua uzi wake, uandike dalili zote kama mama alivyoandika.